Jicho la Mwalimu Kope

Kila mwaka, siku ya kwanza ya masomo ya vitendo, mambo katika maabara ile yalikwenda vile vile. Mwanafunzi mgeni aliitwa mbele, akainamia hadubini, akafumba jicho moja kwa nguvu mpaka mdomo ukapinda. Mwalimu alimsubiri. Darasa zima lilimsubiri.

"Haya, unaona nini?"

"Naona seli, mwalimu."

"Zikoje?"

"Nyeusi. Ndefu ndefu. Tena zinatikisika!"

"Hongera. Umegundua kope zako mwenyewe."

Darasa liliangua kicheko, mgeni akajikuna kisogo, na somo la baiolojia likawa limeanza. Ndiyo sababu mwalimu huyo wa madarasa ya juu ya sekondari aliitwa Mwalimu Kope. Waliompa jina hilo walikuwa sasa na watoto wao wanaosoma, na yeye hakulikataa hata siku moja. Mkewe, fundi cherehani mwenye duka dogo mbele ya nyumba yao, alimwita hivyo hata mezani: "Mwalimu Kope, mboga inapoa."

Maabara yenyewe ilikuwa ghala la madawati zamani. Ilikuwa na meza sita ndefu, masinki mawili, na bomba moja ambalo halikuwahi kufungika vizuri. Hadubini za shule zilikuwa chache na zimechoka, lakini kila moja ilivalishwa mfuko wa kitambaa ulioshonwa na mke wa mwalimu kwa mabaki ya nguo za wateja. Kulikuwa na hadubini ya maua, ya mistari, ya mirabaraba na ya madoadoa. Wanafunzi walizijua kwa mavazi yake, na walizigombania kama watu wanaogombania kiti cha dirishani.

Katika chumba hicho kulikuwa na sheria moja kubwa: wakati wa vitendo, kitabu kinafungwa. Chora unachokiona, usichore unachokijua. Kama umeona povu la hewa, chora povu na uandike ni povu. Utapata alama zako. Ukichora kiini mahali ambapo hukuona kiini, hupati kitu, hata kama kitabu kinakuunga mkono.

Sheria hiyo alikuwa ameilipia mwenyewe. Alipokuwa mwanafunzi, shule yao ilikuwa na hadubini moja tu, nayo ilikuwa mbovu. Alichora seli kutoka kitabuni kwa miaka, kiini kikiwa katikati kama kiini cha yai la kukaanga, na alisifiwa kwa usafi wa michoro yake. Alipofika chuoni na kuinamia hadubini nzima kwa mara ya kwanza, aliona vyumba vidogo vidogo vimepangana, na viini vimesukumwa pembeni, vimejibanza ukutani. Alikitafuta kile cha katikati mpaka shingo ikamuuma. Alitoka pale akiwa ameona haya kidogo na amefurahi sana, na tangu siku hiyo hakutaka mtoto wa mtu yeyote achore yai.

Mwaka huu alikuwa na darasa la mwaka wa mwisho alilolipenda kuliko alivyotaka lijue. Kulikuwa na kijana mrefu waliyemwita Mnara, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu na nusu ya majibu yake ilikuwa utani. Kulikuwa na binti waliyemwita Wakili, kwa sababu hakukubali hoja mpaka ipitie mikononi mwake. Akiambiwa mmea unapumua, aliuliza nani alihakikisha. Mwalimu alisaga meno mbele yake, na akirudi nyumbani alimsifia.

Kitu kimoja tu mwalimu alikitaka mwaka huo: kuwavusha hawa mpaka mtihani wao wa mwisho wa vitendo, akiwa amesimama nao katika maabara yake. Na kitu hicho kimoja kilikuwa kinamponyoka, kwa sababu jicho lake la kulia lilikuwa linaingia ukungu.

Dalili ya kwanza iliyomtisha ilimpata katika somo la ikolojia, nje, kwenye uwanja wa mpira. Siku hiyo walikuwa wanahesabu mimea. Kila kundi lilikuwa na fremu ya mraba ya mbao, na kazi ilikuwa kuitupa, kisha kuhesabu kila kilichomo ndani yake. Mwalimu aliwasimamisha wote wakiupa uwanja mgongo.

"Fumbeni macho. Tupeni nyuma, juu ya bega."

"Mwalimu, jana ulisema tufumbue macho, leo unasema tufumbe," alilalamika Wakili.

"Ndani ya maabara, jicho ni shahidi. Hapa nje, jicho lina upendeleo. Nikikuruhusu uchague, utatupa pale penye maua, uniambie uwanja wote una maua."

Fremu ziliruka. Moja nusura imng'oe kofia mlinzi wa geti, ambaye aliuliza kama siku hizi wanafundishwa vita. Ya Mnara iliangukia mbele ya goli, penye ardhi ngumu iliyokanyagwa mpaka ikang'aa.

"Mwalimu, hapa hakuna kitu. Nirudie?"

"Usirudie. Andika hakuna kitu."

"Sifuri kabisa? Kundi langu litaonekana halikufanya kazi!"

"Mnara, hakuna kitu nayo ni habari. Sasa jiulizeni kwa nini pembeni kule nyasi zinafika magotini na hapa hazipo."

Alichuchumaa kando ya fremu ili aoneshe jinsi udongo ulivyoshindiliwa. Hapo ndipo Wakili, aliyekuwa amekuja kuchungulia, aliposema, "Lakini mwalimu, mbona kipo? Hiki hapa."

Kilikuwa kimea kidogo kilicholala chini kabisa, majani yake yamebandikwa udongoni kama stempu. Kilikuwa mbele ya vidole vya mwalimu. Hakukiona. Alikodoa macho, akageuza kichwa, akaona doa la kijani likiogelea kwenye maziwa.

"Vizuri," alisema haraka. "Nilikuwa nawapima."

Wanafunzi walicheka, Mnara akafuta sifuri yake na kuandika moja kwa fahari. Mwalimu alisimama akijifuta vumbi magotini. Alikuwa amewadanganya, na alilijua hilo kabla neno halijamalizika mdomoni.

Jicho la kushoto halikuwa la kutegemewa. Tangu utotoni lilikuwa la kupambia uso tu. Kila kitu alichowahi kukiona kwenye hadubini alikiona kwa jicho la kulia. Daktari alikwisha kumwambia: ni mtoto wa jicho, anatolewa kwa upasuaji mfupi, aje apangiwe siku. Mwalimu aliitikia kwa adabu, akatoka, na hakurudi.

"Umri huu ndio unapata mtoto mwingine," mkewe alimtania, "na huyu hutaki hata azaliwe."

"Baada ya mtihani wa vijana. Nikiondoka sasa, nani atasimama maabara? Wataletewa mtu wa chaki, awasomee kitabu."

"Baba, vyura wangapi umewapasua?"

"Hilo linahusu nini?"

"Nauliza tu. Wale vyura nao walikuwa na mitihani ya vijana?"

Alikasirika, kwa sababu alikuwa ameguswa pale pale. Mtu aliyeshika kisu cha maabara maisha yake yote alikuwa anaogopa kisu. Mkewe hakuendelea. Lakini jioni moja mwalimu aliingia dukani, akapita karibu na sanamu la kupimia nguo lililovishwa gauni la mteja, akainama kidogo na kusema, "Shikamoo mama, karibu." Wateja wawili waliokuwa ndani walivunjika mbavu. Mkewe alicheka nao mpaka wakaondoka, kisha akazima taa ya cherehani na kumtazama.

"Siku ukishindwa kuona kile unachowafundisha, utawaambia?"

"Nitawaambia."

"Mimi sikuulizi kama mkeo. Nakuuliza kama mwanafunzi."

"Nimesema nitawaambia."

Kwa muda hakuwaambia. Alijua kazi yake kwa moyo, na hilo lilimsaidia vibaya. Alijua ngozi ya kitunguu inavyoonekana, alijua jani, alijua seli za ndani ya shavu la mtu. Mwanafunzi akimaliza kuchora, mwalimu aliinama kwenye hadubini, akakaa hapo muda wa kuridhisha, akaona mwanga wenye ukungu, akainuka na kusahihisha mchoro kwa kile alichokijua. Alama zake zilikuwa sahihi karibu kila mara. Yeye mwenyewe alikuwa amekuwa mwanafunzi wa kuchora mayai.

Ilikuwa siku ya mtihani wa majaribio. Kazi ilikuwa rahisi: ngozi nyembamba ya kitunguu chekundu, kitone cha maji, kifuniko cha kioo, chora. Kitunguu chekundu kinapendeza kwa sababu seli zake zina rangi ya zambarau zenyewe, hazihitaji dawa ya kuzitia rangi. Vitabu vilifungwa. Bomba lilidondosha maji. Mwalimu alipita meza kwa meza, akiinama, akiinuka, akiandika alama kwa kalamu nyekundu.

Meza ya tatu, yenye hadubini ya madoadoa, alikaa Wakili. Mwalimu aliinama, akakaa, akainuka. Kisha akautazama mchoro, akausogeza karibu na uso, na uso wake ukakunjamana. Seli za Wakili zilikuwa na kuta zilizonyooka, hilo sawa. Lakini rangi haikujaa ndani. Alikuwa amechora vifurushi vilivyosinyaa katikati ya kila chumba.

"Hii ni nini?"

"Ni kitunguu, mwalimu."

"Kitunguu cha wapi? Umechora ulichokiota." Akapitisha mstari mwekundu. "Rudia."

Wakili alirudia. Mwalimu aliporudi, mchoro ulikuwa ule ule, safi zaidi, vifurushi vimesinyaa zaidi.

"Nimekwambia urudie, hukunisikia?"

"Nimerudia, mwalimu. Nimechora ninachokiona."

"Binti, mimi nimeona vitunguu kabla mama yako hajazaliwa."

Wengine walicheka. Wakili hakucheka. Alisukuma kiti nyuma, akaacha nafasi mbele ya hadubini.

"Basi angalia tena. Tafadhali. Kama ni uongo, nipe sifuri."

Bomba lilisikika likidondosha maji, kama mtu anayegonga ulimi. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha Wakili. Alifumba jicho la kushoto, akalileta la kulia kwenye lenzi, akazungusha kirekebishi cha kung'arishia picha mbele, akakirudisha nyuma. Maziwa. Akazungusha tena. Maziwa yenye zambarau kwa mbali, kama wino uliomwagwa kwenye uji.

Angeweza kusema lolote. Nani angembishia? Angesema, "Kiko sawa kama kawaida," na darasa lingemwamini yeye, si msichana mmoja mwenye mdomo. Binti angepewa sifuri, angekwenda nyumbani akijua kwamba macho yake ndiyo yenye makosa. Mtihani ungefika, yeye angesimama pale pale katika maabara yake, na alichokitaka mwaka mzima kingetimia.

Alibaki ameinama. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Sioni kitu."

"Mwalimu?"

Akainuka, akawageukia wote. "Nimesema sioni kitu. Wala si leo tu. Jicho hili halioni kwenye hadubini tangu muhula uliopita. Kile kimea cha golini sikukiona pia. Nilisema nawapima, nilikuwa nawadanganya."

Hakuna aliyejua aweke wapi uso wake. Mnara alifungua mdomo, akaufunga, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Sasa, Wakili," alisema mwalimu, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "rudi kwenye kiti chako. Niambie unachokiona. Usiniambie unachokijua."

Wakili aliinama. Mwanzoni alisema kwa kigugumizi. "Kuta zipo. Zimepangana kama matofali. Ndani yake rangi haijajaa. Imejikunyata, kama mtu aliyejikunja kitandani kwa baridi."

"Kati ya rangi na ukuta kuna nini?"

"Nafasi. Nyeupe tu."

"Ni seli moja au mbili?"

"Zote, mwalimu. Zote ninazoziona."

"Ukingo wa hiyo rangi. Umenyooka au umebonyea?"

"Umebonyea kwa ndani. Sehemu nyingine bado umeng'ang'ania ukuta kidogo."

Mwalimu alikuwa amefumba macho yote mawili. Wanafunzi waliokaa karibu waliona uso wake ukianza kufunguka, kama mtu anayesikia hatua za mgeni anayemfahamu.

"Maji ya meza hii yametoka chupa ipi?"

Wakili aliinua chupa ndogo ya kudondoshea. Zilikuwa zinafanana zote. Wiki iliyotangulia, katika chupa hizo hizo, walikuwa wametia maji ya chumvi kwa ajili ya jaribio la vipande vya viazi.

"Nani aliosha chupa?"

Kutoka juu karibu na dari, sauti ya Mnara ilijibu, "Mimi, mwalimu. Ila hiyo... niliosha nje."

"Nje tu?"

"Nje ilikuwa inang'aa kabisa, mwalimu."

Kicheko kililipuka, na mwalimu alicheka kuliko wote. "Basi sikilizeni! Kitunguu hiki kimewekewa maji ya chumvi. Chumvi iliyo nje imeyavuta maji yaliyo ndani ya seli. Ukuta ni mgumu, umebaki ulipo. Lakini utando na vilivyomo vimesinyaa, vimeuachia ukuta. Huyu hakuota. Ameona kitu ambacho nilipanga kuwafundisha mwezi ujao, na mimi nikamkatia mstari. Wakili, chukua maji ya bomba. Weka kitone upande mmoja wa kioo, upande wa pili gusisha karatasi inyonye. Usiondoe jicho. Tutangazie."

Darasa lilihama viti. Walimzunguka Wakili, wengine wakapanda kwenye vigoda.

"Bado... Bado... Ah! Moja inasogea. Ile ya pembeni. Inavimba, mwalimu! Inajaa taratibu. Upande wa kushoto umegusa ukuta... Sasa wa kulia... Imejaa! Imejaa yote!"

"Goli!" alipiga kelele Mnara, na maabara ikawa uwanja.

Mwalimu aliomba kile kitabu cha michoro. Alikileta usoni mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, akaufuta mstari wake mwekundu kwa mstari mwingine, akaandika alama kamili, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa ili ayaone mwenyewe: *Mwalimu amekosea.* Kisha akasema kila mtu alete michoro yake yote tangu muhula uliopita. Itasahihishwa upya, kwa wenzao kuangalia na yeye kusikiliza.

"Yangu iache tu ilivyo, mwalimu," alisema Mnara. "Sipendi kukusumbua."

"Yako itakuwa ya kwanza."

Kabla kengele haijalia, mmoja aliuliza kwa sauti ndogo jicho lake lina nini. Mwalimu wa aina nyingine angesema hayawahusu. Yeye alichukua chaki, akachora jicho ubaoni, kubwa kuliko kichwa chake.

"Nyuma ya mboni kuna lenzi. Lenzi ni seli. Lakini seli hizi zina jambo la ajabu. Zinapokomaa, zinaondoa viini vyake. Zinaondoa karibu kila kitu kilichomo ndani, ili mwanga upite bila kuzuiwa. Hazigawanyiki tena, hazibadilishwi. Zilizokuwa katikati ya lenzi yangu nilizaliwa nazo. Zimekaa hapo miaka yote hii zikipitisha mwanga: uso wa mama yangu, vitabu, ninyi. Sasa protini zake zimechoka, zimeanza kugandana. Ndiyo huo ukungu."

Wakili hakuuliza nani alihakikisha. Alikuwa anaandika.

Kutoka pale mwalimu alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa shule, kabla habari haijatangulia. Mkuu alikuwa mama mfupi aliyefundisha jiografia, mtu wa maneno machache na yenye uzito.

"Nimekuja kujishtaki," mwalimu alisema, na akamweleza yote akiwa amesimama.

Mkuu alivua miwani yake, akaiweka mezani. "Mzazi akija kuniuliza, nimwambie nini?"

"Mwambie nimeondoka maabara. Niachie darasa la chaki. Ufunguo huu hapa."

"Nani amesema uondoke? Mimi nasema uende hospitali."

"Baada ya mtihani..."

"Kabla. Ukienda sasa, utarudi mtihani haujafika. Ukingoja, utakuwepo na hutaona. Hesabu hiyo hata mtu wa jiografia anaiweza."

"Nani atasimama nao?"

"Mimi nitakaa na ufunguo. Hadubini sijui hata inavyowashwa. Kazi watafanya wenyewe." Akamtazama. "Si umewafundisha? Au hukuwafundisha?"

Mwalimu aliweka ufunguo mezani. Kwa muda wote aliokuwa akiwahofia vijana wake, swali hilo hakuwahi kujiuliza.

Nyumbani alimkuta mkewe cherehanini. Hakuinua kichwa. "Umewaambia?"

"Umejuaje?"

"Umeingia unatembea kama mtu."

"Nimewaambia. Na mkuu amesema niende."

Mguu wa mkewe ulisimama juu ya pedali. "Basi kilichobaki ni woga tu."

"Huo upo. Tena mkubwa."

"Tutakwenda nao. Nafasi yake ipo kwenye begi."

Siku ya upasuaji mwalimu alijitahidi kuwa shujaa kwa njia aliyoijua: alifundisha. Alipolazwa kitandani alimweleza daktari kuhusu seli zinazojitoa viini, alimweleza kuhusu protini, alikuwa anaelekea kwenye vyura, mpaka muuguzi akamgusa bega.

"Mwalimu, tulia. Hapa wanaopasua ni sisi."

Alitulia. Vidole vilishika shuka. Aliona mwanga mkali, kisha rangi zikitembea, na kabla hajapata nafasi ya kuogopa vizuri, aliambiwa imekwisha.

Alipumzika kama alivyoagizwa, kwa shingo upande, huku mkewe akimkataza kuinama hata kufunga viatu. Bendeji ilipotolewa, alitumia asubuhi nzima kutazama vitambaa dukani. Alikuwa amesahau kwamba buluu ina ukali ule. Sanamu la kupimia nguo alilipita bila salamu, mkewe akasema limeudhika.

Siku aliyorudi shule, mtihani ulikuwa bado mbele. Alifungua mlango wa maabara akakuta kila mtu amekaa, vitabu vimefungwa, chupa zimepangwa dirishani, ndani na nje zinang'aa. Mkuu wa shule alikuwa kwenye kigoda cha nyuma na daftari lenye mchoro wake wa kitunguu, ambao hakutaka mtu auone. Hadubini ya madoadoa ilikuwa imevuliwa mfuko wake, imewekwa kwenye meza ya mbele, na Wakili alisimama kando yake, mikono nyuma, kama mwalimu.

"Karibu mbele," alisema.

Mwalimu Kope alikaa. Alifumba jicho la kushoto, akainama. Alizungusha kirekebishi mbele, akakirudisha nyuma.

"Haya," alisema Wakili, "unaona nini?"

Alichelewa kujibu. Mnara alisimama, kisha akakaa. Hata bomba lilikuwa kama limeacha kudondosha maji.

"Naona vimistari," alisema mwalimu polepole. "Vyeusi. Vyembamba kabisa. Naona kila kimoja." Alisogea karibu zaidi na lenzi. "Tena vinatikisika."

Darasa lote lilipumua mara moja, kisha likalipuka. Walipiga meza, walipiga miguu, mkuu wa shule alisahau ukuu wake. Mwalimu hakuinua kichwa. Alikuwa anacheka, na kope zake, zilizolowa, zilikuwa zinacheza mbele ya mwanga, moja moja, zenye ncha kali.

Wakili alisubiri kelele zipungue. Hakuwa na haraka.

"Hizo ni zako mwenyewe," alisema. "Sogeza kichwa nyuma kidogo. Angalia tena."

Mwalimu alisogeza kichwa nyuma kidogo, akaangalia tena, na akaomba penseli.